Mahari ya Shilingi Elfu Tatu

Mwezi uliopita tulialikwa katika kikao cha mirathi. Marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mke mmoja, watoto sita waliokwisha kuwa watu wazima, nyumba ya kuishi na shamba la minazi. Sheikh aliyesimamia kikao alianza pale sheria inapomtaka aanze: kabla ya mali kugawanywa, madeni ya marehemu yalipwe. Madeni yalikuwa machache. La mwisho kusomwa lilitoka katika cheti cha ndoa cha mwaka 1974, karatasi iliyokwisha geuka rangi. Mahari ya mama yao ilikuwa shilingi 3,500. Mia tano zilitolewa siku ya harusi, na elfu tatu zikaakhirishwa. Katika miaka yote ile ya ndoa hazikulipwa, wala mama mwenyewe hakuzidai.

Mtoto mkubwa alitoa mfukoni noti mbili za elfu moja na sarafu mbili za mia tano, akaziweka juu ya mkeka mbele ya mama yake. Hapana aliyecheka. Mama alizitazama kidogo, kisha akamwita mjukuu akampa, akamwambia aende dukani akanunue sukari.

Tuliporudi nyumbani tulikaa tukafanya hesabu. Mwaka 1974 dola moja ya Marekani ilibadilishwa rasmi kwa shilingi 7 na senti 14, na wakia moja ya dhahabu katika soko la dunia iliuzwa kwa wastani wa dola 160 hivi. Kwa hesabu hiyo, shilingi elfu tatu za siku ile zilikuwa sawa na takriban gramu 80 za dhahabu, yaani zilikaribia kabisa nisabu ya zaka, ambayo ni gramu 85. Bwana harusi yule hakumdharau mkewe. Aliahidi mali ya maana. Na mke hakusamehe kitu, hakudhulumiwa na mumewe kwa kauli wala kwa kitendo, na watoto wamelipa deni kamili kama lilivyoandikwa. Hata hivyo mali haipo. Nani ameila?

Swali hili, ndugu wasomaji, si la mama yule peke yake, wala si la zama zetu peke yake. Tunaweza kusema kwamba sehemu kubwa ya fikra za uchumi, kwa muda wa miaka zaidi ya elfu moja, zimezaliwa na watu waliokaa mbele ya mkeka kama ule wakajiuliza jambo hilo hilo: kwa nini pesa ile ile haina tena nguvu ile ile, na ni nani wa kulaumiwa? Tumeona Ijumaa hii tulifuatilie swali hilo kwa kirefu kidogo, kwa sababu majibu yake yanaingia moja kwa moja katika ndoa zetu, mikopo yetu na maduka ya mitaani kwetu.

Jibu la kwanza linalomjia kila mtu ni kumlaumu mwuza duka. Bei zilipanda Madina katika zama za Mtume Muhammad (S.A.W.), na watu wakamwendea wakamwomba awapangie bei wafanyabiashara. Kama ilivyopokewa kutoka kwa Anas bin Malik, Mtume alikataa. Aliwaeleza kuwa mwenye kupanga bei, kubana na kukunjua riziki ni Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Ni Mtume huyo huyo aliyekemea vikali kuficha vyakula ili bei ipande. Kwa hiyo tangu mwanzo wanazuoni walikuwa na mambo mawili mikononi: kuna bei inayopanda kwa dhulma ya mtu, na kuna bei inayopanda bila ya dhulma ya yeyote sokoni. Kazi yao ikawa kuyatenganisha.

Kadhi Abu Yusuf wa Baghdad, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 798, alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu kuhusu kodi za ardhi, Kitab al-Kharaj. Ndani yake alikanusha imani ya watu wa kawaida kwamba wingi wa chakula ndio pekee unaoleta urahisi wa bei, na uchache ndio pekee unaoleta ughali. Aliona kuwa chakula huweza kuwa kingi na kikawa ghali, na huweza kuwa haba na kikawa rahisi. Mambo mengine yamo, yaliyojificha. Kwa sababu hiyo alimshauri Khalifa aache kumtoza mkulima kiasi kilichofungwa kwa ukubwa wa shamba, badala yake achukue sehemu ya mavuno yenyewe, ili bei inapobadilika asije mmoja akaangamia na mwingine akaneemeka. Hilo lilikuwa wazo la mtu aliyekwisha kuona kwamba kipimo cha pesa chenyewe hakitulii. Tutakutana naye tena.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitazama pesa kwa jicho la mwalimu wa nyoyo. Katika Ihya aliifananisha na kioo: chenyewe hakina rangi, lakini kinaonyesha rangi ya kila kitu. Mwenye kuirundika, alisema, ni kama aliyemfunga hakimu gerezani, watu wakakosa wa kuwaamua. Na mwenye kuingiza sarafu ya bandia sokoni alimwona mbaya kuliko mwizi, kwa kuwa wizi hutokea mara moja ukaisha, ilhali sarafu ile huzunguka mkono hadi mkono, na dhambi yake ikaendelea hata mwenyewe akiwa kaburini.

Lakini je, dhahabu yenyewe haishuki? Kwa muda mrefu wengi waliamini hivyo. Ibn Khaldun wa Tunis, mwenye akili ambayo mpaka leo inashangaza, aliandika katika Muqaddimah yake ya mwaka 1377 kuwa Mwenyezi Mungu ameviumba dhahabu na fedha viwe vipimo vya mali, na kwamba vitu vingine vyote hupanda na kushuka kwa mabadiliko ya masoko isipokuwa hivyo viwili. Kwa heshima zote tunadiriki kusema kwamba hapo alikosea, na ushahidi ulikuwa tayari Cairo, mji ambao yeye mwenyewe alihamia miaka michache baadaye na kuwa kadhi. Mwaka 1324 Mansa Musa, mfalme wa Mali, alipita Cairo akienda Hija, akatoa dhahabu nyingi mno kwa sadaka, zawadi na manunuzi. Mwandishi al-Umari aliyefika mjini humo miaka kumi na miwili baadaye alikuta watu bado wanasimulia. Kabla ya safari ile mithqali moja ya dhahabu haikuwa ikishuka chini ya dirham 25. Baada yake ilianguka hadi 22 na chini ya hapo, na ilikuwa haijarudi. Mkono mkarimu wa mtu mmoja mwema uliishusha thamani ya dhahabu katika soko kubwa kuliko yote ya Waislamu. Yeye hakumdhulumu mtu.

Sasa tufike kwa mwanachuoni ambaye, kwa maoni yetu, alilikaribia swali la mama yetu kuliko wote waliomtangulia. Taqiyuddin al-Maqrizi alizaliwa Cairo mwaka 1364, akahudhuria darasa za Ibn Khaldun, na mwaka 1399 akateuliwa kuwa muhtasib, yaani msimamizi wa masoko ya mji. Hakuwa mtu wa kusoma vitabu tu; alipita baina ya mizani na magunia. Kisha ukaja ukame wa mto Nile, na baada yake njaa na maradhi yaliyoua watu wengi katika miaka ya 1403 na 1404. Mwaka 1405 aliandika kijitabu, Ighathat al-Umma, kueleza chanzo cha balaa ile.

Angeweza kusema ni mto, na hapana ambaye angembishia. Alisema mto ni sababu, lakini njaa zilizopita ziliisha maji yaliporudi, na hii haikuisha. Akataja mambo matatu. La kwanza ni vyeo kununuliwa kwa rushwa: aliyenunua ukadhi au ugavana hana budi kuirudisha gharama yake kutoka kwa raia. La pili ni kodi za mashamba kupandishwa mpaka mkulima akakimbia. La tatu ni sarafu za shaba.

Hili la tatu lataka maelezo. Desturi ya tangu zamani ilikuwa dinari za dhahabu na dirham za fedha kwa mambo makubwa, na vipande vya shaba vilivyoitwa fulus kwa vitu vidogo vidogo vya nyumbani. Katika utawala wa Sultan Barquq, ofisa wake mmoja mkuu aliona faida: aliagiza shaba kutoka nchi za Wazungu, akafungua viwanda vya kufua fulus kwa wingi, na kufua dirham kukaachwa. Fedha ikatoweka sokoni. Nyingine ilifanywa mapambo, nyingine ikasafirishwa. Zikabaki fulus, nyingi kama mchanga. Al-Maqrizi akaonyesha kwamba ukipima bei za vitu kwa dhahabu au kwa fedha, nyingi hazikupanda sana. Kilichokuwa kimeanguka ni kile kipande cha shaba mkononi mwa mnunuzi.

Kisha akafanya jambo ambalo hatujaona aliyelifanya kabla yake kwa uwazi kama ule: aliwagawa watu wa Misri mafungu saba, akauliza kila fungu limepatwa na nini. Mfanyabiashara alijiona amepata, kwa kuwa mfuko wake umejaa sarafu nyingi kuliko jana, lakini akienda nazo kununua mzigo mwingine anakuta hazitoshi. Waliokuwa na mishahara iliyoandikwa, wasomi, wanafunzi, na wote waliolishwa na mapato ya wakfu, walikuwa wanapokea idadi ile ile ya zamani katika sarafu zilizokwisha kufa. Hao aliwahesabu miongoni mwa walioangamia. Bila shaka, wasomaji, mmemwona mama yetu wa mwaka 1974 amekaa katika safu hiyo.

Tukiri hapa kwamba lugha yetu imeyahifadhi mambo haya bila ya sisi kujua. Neno letu fedha ni lile lile la Kiarabu la madini yale meupe. Neno fulusi ndilo jina la vile vipande vya shaba vya Cairo. Na pesa ni paisa ya Bara Hindi, sarafu ya shaba, ambayo Sayyid Barghash wa Zanzibar naye alifuliwa kwa jina lake mwaka 1882. Majina ya madini tunayo vinywani. Madini yenyewe yalikwisha ondoka mifukoni.

Huko Ulaya swali lile lile liliulizwa kwa njia yao. Katikati ya karne ya 14 Nicole Oresme, kasisi Mfaransa ambaye baadaye alikuwa askofu, aliandika kwamba sarafu ni mali ya jamii na si ya mfalme, hivyo mfalme anayepunguza fedha ndani ya sarafu anawaibia watu wake. Mwaka 1526 Copernicus, yule mwanafalaki, aliandika risala juu ya sarafu mbovu zinavyoifukuza sarafu njema. Halafu ikaja ile mito ya fedha kutoka Amerika: mlima wa Potosi uligunduliwa mwaka 1545, na bei zikaanza kupanda Hispania. Mwalimu mmoja wa dini wa Salamanca, Martín de Azpilcueta, akaandika mwaka 1556 kwamba pesa nayo ni bidhaa: mahali ilipo chache ina nguvu, na mahali ilipo nyingi inadhoofu. Jean Bodin wa Ufaransa akarudia hoja kama hiyo mwaka 1568.

Hapa tunawaomba radhi baadhi ya ndugu zetu. Ipo tabia, na hata katika kurasa kama hizi imewahi kuonekana, ya kusema kwamba Wazungu waliyaiba haya yote kutoka kwa maulamaa wetu. Hatuna ushahidi kwamba Azpilcueta alimsoma al-Maqrizi, na hatuoni fahari katika kudai tusichoweza kukithibitisha. Akili za watu huongozwa na haja. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan wa Marekani alimtaja Ibn Khaldun mbele ya waandishi wa habari ili kutetea mpango wake wa kupunguza kodi, na Waislamu wengi wakafurahi. Sisi twaona ingekuwa faida zaidi kama Ibn Khaldun angesomwa na kujadiliwa katika madrasa zetu, makosa yake yakiwemo.

Karne zilizofuata zilileta majina makubwa. Adam Smith alitoa kitabu chake mwaka 1776, akabomoa wazo lililotawala kabla yake kwamba utajiri wa nchi ni dhahabu iliyomo ghalani. Alisema ni kazi ya watu wake na wanachozalisha. Karl Marx mwaka 1867 aliuliza ni nani anayechukua matunda ya kazi hiyo. John Maynard Keynes mwaka 1936 alitaka serikali isikae kimya watu wanapokosa ajira. Kila mmoja anastahili makala yake. Kwa swali letu, tunamchagua asiyetajwa sana, Irving Fisher wa Marekani, aliyeandika mwaka 1928 kitabu kizima juu ya ugonjwa wa kuamini kwamba pesa haibadiliki. Alisimulia juu ya mwanamke mwenye duka huko Ujerumani, wakati mfumuko wa bei ulipokuwa ukipamba moto, aliyeuza shati akidhani ameweka faida, kumbe pesa aliyopokea haikutosha kununua shati jingine la kuweka kabatini. Kufikia Novemba 1923 dola moja ilikuwa sawa na alama trilioni 4.2 za Ujerumani. Mfanyabiashara wa al-Maqrizi na mama yule wa Ujerumani wametengana kwa miaka zaidi ya mia tano, na msiba wao ni mmoja.

Wala pwani yetu haikuwa nje ya darsa hili. Kilwa ilikuwa na masultani waliofua sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba. Moja imepatikana hata katika magofu ya Great Zimbabwe. Pemba, katika Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 lilifukuliwa fungu la sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili. Lakini mfano unaotugusa zaidi ni wa kauri. Katika Afrika Magharibi, kwa karne nyingi, watu walinunua na kuuza kwa kauri ndogo za Maldives, na thamani yake ilishika kwa sababu zilitoka mbali. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Hamburg waligundua kwamba kauri za aina nyingine, kubwa kidogo, zinaokotwa kwa wingi katika fukwe za Zanzibar na mwambao wetu. Wakajaza merikebu baada ya merikebu, wakazipeleka upande wa Lagos na Ouidah kununulia mafuta ya mawese. Kauri zikazidi, bei zikapanda, na mwenye kuweka akiba ya maisha yake katika mitungi ya kauri akajikuta ana mitungi ya makombe. Mwanamke wa Mrima aliyeinama maji yakipwa akaokota kauri kwa ajili ya kupata kitoweo hakujua kwamba anamfilisi mwanamke mwenzake upande wa pili wa bara.

Tukaja katika zama za karatasi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921, na baada ya uhuru kila nchi ikaunda benki kuu yake na shilingi yake mwaka 1966. Nyuma ya sarafu zote za dunia ilibaki kamba moja nyembamba: Marekani iliahidi kuzibadilisha dola zilizo mikononi mwa serikali nyingine kwa dhahabu, dola 35 kwa wakia. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon aliikata kamba ile. Tangu siku hiyo thamani ya pesa yoyote inategemea kwamba mwenye mtambo wa kuichapa atajizuia. Ndoa tuliyoianza nayo ilifungwa miaka mitatu baadaye. Hapana aliyekuwa katika hafla ile, wala sheikh wala walii wala shahidi, aliyekuwa na habari kwamba kipimo kimebadilika.

Yaliyofuata Tanzania wazee wanayakumbuka. Mafuta yalipanda tangu mwishoni mwa 1973, Vita vya Kagera vikaja mwaka 1978 na 1979, viwanda vikakosa malighafi, na matumizi ya serikali yakapita mapato. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikatungwa. Hatusemi kwamba hawakuwapo walioficha bidhaa. Walikuwapo, na dhambi ya kuficha chakula haina mjadala. Lakini watu walikamatwa kwa mifuko ya saruji na katoni za sabuni, wengine walitupa mali usiku kwa hofu, na sabuni haikurudi dukani kwa sababu hiyo. Ilianza kurudi tangu mwaka 1984, walioruhusiwa kuagiza kwa fedha zao za kigeni walipoleta mizigo. Karne sita na nusu kabla yake Ibn Taymiyya alikwisha pambanua kwamba bei inapopanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa wanaozitaka, kumlazimisha mwuzaji ni dhulma. Na inapopanda kwa wauzaji kula njama, hapo mtawala ana haki ya kuingilia. Ole wa mji ambao askari wake hawajui tofauti ya hayo mawili. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 8; mwaka 1990 ilikuwa karibu 200; leo ni zaidi ya 2,000. Mwuza duka wa mtaani hakuwa na mtambo wa noti.

Basi sheria inasemaje juu ya deni lililooza? Wanazuoni walitofautiana. Abu Hanifa aliona mdaiwa arudishe idadi ile ile. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu, yalielekea huko. Imam Suyuti wa Cairo, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala maalumu baada ya fulus kubadilishwa, akashikilia kurudisha mfano wa kilichochukuliwa. Abu Yusuf, yule kadhi wa Baghdad, akasema hapana: fulus zikibadilika thamani, ilipwe thamani ya siku ya mkataba. Mwanzoni mwa karne ya 19 Ibn Abidin wa Damascus alilifufua jambo hilo na kulieleza kwa upana. Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait, liliamua kwamba deni la noti hulipwa kwa idadi na si kwa thamani, kwa kuchelea mlango wa riba. Tunaielewa hofu hiyo na tunaiheshimu. Baraza hilo hilo, lilipokutana Riyadh mwaka 2000, lilikubali kwamba wanaofanya mkataba wanaweza tangu mwanzo kuliandika deni katika kitu kisichotarajiwa kuporomoka, kama dhahabu, fedha au bidhaa inayojulikana, na likalipwa kwa kitu hicho hicho.

Hapo ndipo tunapowataka wazazi, mawalii, maimamu na makadhi watusikilize. Mlango upo na uko wazi siku ya akdi. Ukifungwa, unafungwa kwa miaka hamsini. Kwa nini bado tunaandika mahari ya kuakhirishwa kwa shilingi? Hata leo, ambapo Tanzania imekuwa na mfumuko wa bei wa chini ya asilimia 5 kwa miaka kadhaa, tusidanganyike. Kwa asilimia 3 tu kwa mwaka, shilingi mia baada ya miaka arobaini hununua kile kinachonunuliwa leo kwa shilingi 31. Kwa asilimia 5, hununua cha shilingi 14. Iandikwe gramu ya dhahabu. Si lazima ziwe 80. Kijana asiye na kitu na aandike gramu tano na iwe kheri, kwani hatutaki wazo hili ligeuzwe kisingizio cha kupandisha mahari. Au iandikwe minazi kumi kwa jina, au chumba katika nyumba.

Tutaambiwa kwamba dhahabu nayo huanguka. Ni kweli. Mansa Musa ni shahidi, na karibu zaidi, Januari 1980 wakia ilifika dola 850, kisha mwaka 1999 ikawa chini ya 300. Aliyeandikiwa dhahabu mwaka 1980 akalipwa mwaka 1999 alipata hasara. Lakini mwaka 2025 wakia ilivuka dola 3,000, na katika muda wa ndoa nzima ya mke na mume hatuijui shilingi iliyofanya hivyo. Na iliyo bora kuliko yote ni kutoakhirisha, au aliyeakhirisha alipe angali hai na ana nguvu. Wapo wasomaji wa kiume wa ukurasa huu ambao vyeti vyao vimo sandukuni na deni limo ndani yake. Wakivifungua leo jioni watakuta kiasi wanachoweza kukilipa kabla ya Isha, na wakikumbuka kilikuwa na nguvu gani siku ya harusi, wanajua la kuongeza kwa hiari yao.

Kwa hiari, ndiyo, kwani hilo nalo lina asili. Mtume (S.A.W.) alikopa ngamia mdogo akalipa aliye bora kuliko yule, akawafundisha watu kuwa wema wao ni walipaji wema wa madeni. Nyongeza haikuwa imeshurutishwa, na kwa hiyo haikuwa riba.

Sheikh wetu aliwakumbusha hadithi hiyo watoto wale siku ya kikao, baada ya mjukuu kurudi na sukari. Aliwaambia deni limekwisha, mama yao amelipwa, na thumuni yake ya mirathi ni haki nyingine isiyoingiliana na hilo. Wakitaka kumtengenezea mahari yake, watatoa katika mafungu yao wenyewe, na hapana wa kulazimishwa. Pakawa kimya. Binti wa tatu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa wa kwanza kusema: katika minazi itakayokuwa fungu lake, kumi itolewe iandikwe kwa jina la mama. Kaka zake wawili na dada mmoja wakamfuata. Wawili waliobaki, mmoja wao yule mkubwa aliyetoa noti, waliomba wapewe muda wa kufikiri, na mama akasema wapewe.